Huyu wa chumba cha mwisho na maharage yake: ETI "NILISHACHANGIA ELFU TANO YANGU"

Kibatari

Wakuu, leo salamu hakuna. Mnamjua. Kila nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na LUKU moja (mita ya umeme wa kununua kabla) inaye. Huyu yuko mwisho wa korido, mkono wa kushoto, pazia la zambarau.

Saa nne na nusu usiku huu uniti zimekata, nyumba nzima giza. Mlango wake unafunguka, mvuke wa maharage unatangulia kama treni la mizigo linaingia stesheni, na yeye nyuma yake, sufuria mkononi: "Mimi nilishachangia elfu tano yangu."

Elfu tano YAKE!

Tuhesabu. Kwa bei ya 356 kwa uniti, elfu tano ni uniti 14. Jiko lake la koili ni la wati 1,000. Maharage makavu, hayakulowekwa, yanatokota masaa matatu: uniti 3 zimekwenda. Mara tatu kwa wiki, uniti 9. Kila alfajiri anachovya hita ya wati 1,500 kwenye ndoo ya lita 20, dakika ishirini, nusu uniti. Jumla kwa wiki 12 na nusu. Yaani siku ya nane elfu tano yake imeshaliwa ikaisha na mchuzi wake. Siku zote zilizobaki za mwezi anachemkia uniti za watu.

Chumba cha pili kina taa moja ya wati 9 na chaja ya simu. Hata iwake masaa kumi na mbili kila siku, mwezi mzima hakifikishi uniti 4. Nacho kinachanga elfu tano.

Na hapo sijagusa kidonda chenyewe. Nyumba ikibaki chini ya uniti 75 kwa mwezi, uniti ni shilingi 122. Vyumba vitano vyote pamoja havifiki huko. Yeye peke yake anakula zaidi ya 50. Ndiye aliyetutoa kwenye 122 akatutupa kwenye 356! Halafu anasimama gizani na kijiko: "nilishachangia elfu tano yangu". Akaongeza kwamba chumbani kwake yuko huru, hapangiwi cha kupika.

Elfu tano yangu. Na alikuwa anaonja chumvi.

Mzee wa Korido

Mleta uzi, umeyahesabu maharage ya mwenzio punje kwa punje. Kosa lako ni moja tu, hukukaribishwa.

Fundi Waya

Punguzeni munkari. Dawa ya hii kitu ni mita ndogo, kila chumba na yake. Tarehe moja asubuhi watu wote wanatoka koridoni, mita zinasomwa kwa sauti, zinapigwa picha. Ya leo toa ya mwezi uliopita: 361 toa 342, umetumia 19, lipa 19. Jumlisha za vyumba vyote, linganisha na uniti zilizoliwa kwenye LUKU. Tofauti ndiyo taa ya korido, uani na bafuni, hiyo gawanyeni sawa kwa sawa. Ikizidi uniti tano sita kwa mwezi, acheni kulaumiana, tafuteni waya uliochomekwa kabla ya mita.

Kujua kama jirani anakunyonya: zima kila kitu chumbani, chomoa hadi chaja, kisha angalia kitaa chekundu cha mita. Kikiendelea kupepesa, huenda mtu amejiunga kwako. Mita iliyoandikwa imp 1600, kitaa kikipepesa mara 1,600 ni uniti moja imeondoka.

Na huyo wa koili asimamishwe kwa sababu nyingine. Nyumba nyingi hizi soketi ya chumba imevutwa kutoka kwenye taa kwa waya wa 1.5 (unene, milimita za mraba). Soketi inataka 2.5. Akiunganisha koili, birika la wati 2,000 na pasi kwenye kiendelezi kimoja cha bei poa, plastiki inaanza kulainika. Ukisikia harufu kama ya samaki ukutani, huyo siyo samaki.

Kibatari

Fundi, nimekuelewa. Lakini ALIKUWA ANAONJA CHUMVI.

Dada Hesabu

Mmesahau kodi ya jengo. Anayenunua wa kwanza kila mwezi anakatwa 1,500 humo humo. Elfu tano inabaki 3,500, uniti hazifiki hata kumi. Halafu wenzake wanamwambia kala hela. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, siyo ya mpangaji. Tunza meseji ya manunuzi, umkate kwenye pango. Wengi hawadai, wanabaki kununiana koridoni.

Chumba Namba Tatu

Nyie mna shida ya umeme, kuna watu wana shida ya choo. Karatasi ya zamu imebandikwa mlangoni, vyumba sita, siku sita, Jumapili ya wote. Jumapili ya wote maana yake ya hakuna mtu. Na kuna yule ambaye zamu yake "kusafisha" ni kumwaga ndoo moja ya maji kutoka mlangoni bila kuingia, kama anazima moto.

Mzee wa Korido

Afadhali huyo anamwaga. Wa kwetu anapaka jiki kwenye kizingiti ili inukie tu.

Bibi Uani

Ngoja niwaambie kinachojaza shimo mapema: pampasi na taulo za kike. Haviozi, vinavimba. Gari la majitaka likija, mpira unavuta dakika mbili unaziba, vijana wanaanza kuopoa kwa ndoano, na hela ya kuopoa ni nje ya bei ya tripu. Hapo ndipo utasikia "mimi sina mtoto, sichangii". Na asiye na mtoto ndiye anayetupa zile nyingine.

Wekeni ndoo yenye mfuniko bafuni. Na jiki msimwage lita nzima kila siku kama lenu ni la septiki, mnaua wadudu wanaoozesha uchafu, linajaa upesi.

Kibatari

Jamani, uzi ni wa maharage.

Bibi Uani

Haya, maharage. Huyo wenu mshamba. Yalowekwe tangu jioni, maji yamwagwe, yanaiva kwa saa moja hivi badala ya tatu. Ukiwa na jiko la presha la umeme yanakula kama nusu uniti, kelele zote hizi zisingekuwepo.

Chumba Namba Tatu

Bibi, na magadi je? Nusu kilo unaweka kiasi gani?

Bibi Uani

Nusu kijiko cha chai, tena ya mfuto. Ukizidisha yanavurugika na kuleta ladha ya sabuni. Na chumvi mwisho kabisa, yakishaiva.

Mzee wa Korido

Kumbe ndiyo maana alikuwa anaonja.