Naomba ushauri: kutoa amri kwenye ajali ya barabarani mkiwa wachache

Wakuu habari za saa hizi. Mi ni zimamoto huku Tanga, hivi karibuni nimepewa kuongoza zamu na ajali nyingi tunazoitiwa ni hii barabara ya Muheza mpaka Segera, malori na mabasi. Tulivofundishwa, kamanda asimame nyuma kidogo aone tukio zima, asishike kifaa, gari liwekewe magogo lisiyumbe, betri ichomolewe, mtu awe tayari na mpira wa maji, halafu aelewane na nesi majeruhi anatolewaje.

Sawa, ila tunafika watu wanne tu. Mmoja yuko kwenye pampu, dereva wa lori kabanwa miguu chini ya usukani analia, wananchi washaanza kumvuta mkono, trafiki anataka foleni itembee, mara anatokea mkubwa wetu naye anaanza kutoa amri bila hata kuniuliza tumefikia wapi, vijana wanabaki wanatuangalia wote wawili na mkasi wa haidroliki (ule wa kukatia vyuma vya gari) washauwasha. Hapo naogopa kweli, eabegi (mfuko wa hewa wa kwenye usukani) ambayo haijafyatuka inaweza kumpiga mwokoaji usoni.

Mliokaa kazini muda mrefu, mkubwa akifika mnakabidhianaje amri bila kuonekana umemkosea adabu? Na usalama unamwachia nani mkiwa wachache hivo? Mi naona bora bodaboda wawili watatu wenye akili uwape kazi ya kuzuia watu kuliko kufukuza wote, sijui nyie mnaonaje. Wa Chalinze na Bagamoyo pia naomba mchangie, nyie haya mnakutana nayo sana.