Wenyeji wa Lushoto, wapi pazuri kuangalia nyota mwezi wa sita?

mamdogo_milimani
Wakuu habari za jioni. Nimehamishiwa Lushoto kikazi, nakaa hapa hapa karibu na mjini. Sasa mtoto wa dada yangu yuko darasa la sita Dar na likizo ya mwezi wa sita anakuja kukaa kwangu, na huyu mtoto kichwani ni nyota tu, kila akinipigia swali ni moja, mamdogo huko milimani Salibu, zile nyota za msalaba wa kusini, inaonekana? Kule kwao Mbagala anga usiku ni la rangi ya chungwa, anatoka nje anaona nyota chache anarudi ndani kanyong'onyea. Nataka akija aone anga lenyewe kweli.

Shida ni kwamba nyumba yangu iko bondeni, mlima mbele mlima nyuma, anga ninalopata ni kipande tu, halafu jirani ana taa ya ulinzi inamulika mpaka uani kwangu. Irente nimeshafika mchana, je usiku panafaa na mtoto? Na msitu wa Magamba je, maana kule hakuna taa kabisa? Kuna mtu kazini kaniambia nisihangaike niende moja kwa moja kijiji cha Mambo, ila ni mbali na sina gari. Na ule ukungu wa mwezi wa sita ndo unanitia wasiwasi kuliko vyote. Nimeazima darubini ndogo ile ya macho mawili imeandikwa 10x50. Naombeni mnisaidie.

Fundi Redio
Karibu Lushoto dada. Magamba toa kwenye hesabu mapema. Giza lipo sawa, lakini msitu ule ni mnene, ukiinua kichwa unaona matawi, na ni hifadhi ya TFS, wale wakala wa misitu, huwezi tu kuingia usiku na mtoto bila kibali.

Irente mimi naikubali sana. Ni kama kilomita 5 au 6 kutoka mjini, boda inafika, na pale kwenye mwamba upande wa kusini magharibi hakuna kinachokuziba kabisa, chini ni Mazinde karibu mita 1,000 na baada ya hapo ni tambarare ya Umasaini mpaka macho yachoke. Kwahiyo Salibu utaipata na kila kilicho kusini utakipata. Ila ule ni mwamba wa kuanguka na hauna mzaha, usimpeleke mtoto pale gizani, fikeni kabla ya magharibi mkiwa bado mnaona mnapokanyaga, chagueni pa kukaa nyuma kabisa mbali na ukingo, tandikeni mkeka, na mkishakaa mmekaa, hakuna kuzunguka. Na uongee na mwenye boda arudi kuwachukua saa fulani, mkubaliane kabisa, usiku kule huokoti boda barabarani. Kuna mahali pa kulala wageni pale pembeni, taa zao zinasumbua kidogo, waombe wazime za nje kwa saa moja, ukiwaeleza ni kwa ajili ya mtoto wanaelewa.

Mwl wa Jiografia
Fundi kaeleza vizuri ila naomba nitofautiane kwenye jambo moja, na ndo kubwa. Lushoto tatizo letu si mwanga. Mji ni mdogo, ukitoka kilomita chache tu giza la kutosha lipo. Tatizo letu ni mawingu na milima, kwahiyo mtu wa nyota huku anatakiwa ajiulize kwanza wingu linatokea wapi.

Upepo wa mwezi wa sita unatoka kusini mashariki, baharini, umebeba unyevu. Ukigonga Usambara unapanda, unapoa, unakuwa wingu na ukungu. Ndo maana Bumbuli, Soni na Vuga wanapata unyevu sana, na mji wa Lushoto unapata mgao wake, jioni ukungu unashuka bondeni mpaka huoni nyumba ya pili. Ukivuka mgongo wa milima kwenda kaskazini magharibi, Mtae na Mambo, upepo umeshamwaga mzigo wake huku nyuma na unashuka mkavu. Angalia tu mchana ukiwa Mambo, chini unaona tambarare ya Mkomazi imekauka, vichaka na vumbi, na pale ni hatua chache kutoka kwenye mashamba ya kabichi. Hiyo tofauti unayoiona kwenye majani ndo ipo pia angani usiku. Sisemi Mambo hakuna ukungu, upo, lakini ukiniambia nichague usiku mmoja wa mwezi wa sita na mtoto katoka Dar kwa ajili hiyo, simpeleki Irente, nampeleka Mambo.

Na swali la Salibu nalijua linakuja maana Mambo inatazama kaskazini na milima iko kusini yake. Haina shida kwa mwezi huo. Katikati ya Juni saa mbili usiku Salibu iko juu kabisa ya njia yake, nyuzi kama 35 kutoka upeo wa kusini. Mtoto anyooshe mkono akunje ngumi, ngumi moja ni karibu nyuzi 10, apande ngumi tatu na nusu. Hakuna mlima pale unaofika huko. Kwanza kabla hujasafiri mwambie apime hivyo hivyo uani kwako, kama mlima wa kusini uko chini ya ngumi tatu basi hata nyumbani mtaiona siku ukungu ukiwahurumia.

kijana wa Mtae
Mwalimu umesema kweli tupu 👏

dada usafiri upo, gari za Mtae na Mambo zinapita Magamba na Lukozi, zinatoka Lushoto mchana na kurudi ni alfajiri sana, kwahiyo ujue ni safari ya kulala, huwezi kwenda na kurudi siku moja, kaulizie stendi siku moja kabla maana ratiba ya kule inategemea abiria na hali ya barabara, mvua ikinyesha muda mrefu inaharibika. Ukifika usiende tu kukaa ukingoni usiku na darubini, pitia kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji au balozi wa nyumba kumi umwambie umekuja na mtoto kuangalia nyota. Si kwa ubaya, watu wa huku ni wakarimu, ila mgeni anayekaa kwenye majabali usiku anamulika mulika vitu lazima atiliwe mashaka, na ukishajitambulisha utapewa hata kijana wa kuwasindikiza anayejua njia. Mtae yenyewe iko juu ya mgongo mwembamba wa mlima, pande zote ni mteremko mkali, kwahiyo ile habari ya mwamba aliyosema Fundi huku ni mara mbili yake.

baridi jamani. Mwezi wa sita huku kuna upepo, kanga na kisweta cha Dar havitoshi, bebeni makoti na soksi na blanketi la kulalia chali

mamdogo_milimani
Asanteni sana, sikujua kama upande wa milima unaleta tofauti kubwa hivyo. Nimeelewa nitaenda Mambo kwa kulala na Irente itakuwa ya siku ya pili kama anga likikubali. Sasa nichague tarehe gani, na tukishafika tunaangalia nini na nini? Sitaki nifike pale nimwambie tu zile ni nyota.

Bint Mlalo
Shoga tarehe usihangaike na programu yoyote, angalia kalenda ya Kiislamu hapo ukutani. Mwezi ukiwa 13 mpaka 17 usiende kabisa, mbalamwezi inafuta kila kitu. Kuanzia 21 au 22 mwezi unachelewa kuchomoza mpaka karibu usiku wa manane hivyo jioni yote ni yenu, na mpaka mwezi mpya ukiwa 3 bado ni safi maana unazama mapema. Mimi nachagua 26 mpaka 29, giza karibu usiku kucha.

Mwl wa Jiografia
Dada Bint Mlalo kamaliza, sina cha kuongeza kwenye tarehe.

Cha kuangalia. Giza kamili linaingia kama saa moja na nusu. Kabla ya hapo simu zote ziwekwe mfukoni, jicho linahitaji dakika 20 mpaka 30 kuzoea giza na ukiwasha kioo cha simu mara moja mnaanza upya, tochi ifungwe nailoni nyekundu. Saa mbili mtazame kusini, Salibu imesimama wima, kushoto kwake nyota mbili kali zinazofuatana. Ile iliyo mbali zaidi na Salibu ni Alpha Centauri, mfumo wa nyota ulio jirani zaidi na jua letu, miaka ya nuru 4 na kidogo, yaani mwanga anaouona mtoto usiku huo ulitoka kule yeye akiwa mdogo wa darasa la kwanza au la pili, mwambie hivyo hatasahau. Pembeni ya Salibu mtafute doa jeusi. Lile si tundu wala si wingu la mvua, ni wingu la vumbi lililo mbali huko linaziba nyota za nyuma yake, na ndo kipimo changu cha mahali, doa likionekana kwa macho matupu basi anga hapo ni zuri.

Bila kuhama hapo mlipolala geuzeni vichwa kaskazini, Dubu Mkubwa yuko kule saa ile ile, zile nyota saba. Watu wa Ulaya hawawezi kuwaona Salibu na Dubu kwa pamoja, sisi tuliokaa nyuzi 5 tu kusini ya ikweta tunaweza. Kutubu, nyota ya kaskazini, haitaonekana, kwetu iko chini ya upeo, asiitafute.

Darubini yako 10x50 inatosha sana na usidanganywe kununua ile kubwa ya dukani. Ipandishe juu ya Salibu kidogo kuelekea kushoto, kuna kitu kama nyota yenye ukungu, jina lake Omega Centauri, ni fungu la nyota mamilioni ziko pamoja, miaka ya nuru kama 17,000. Halafu mashariki kundi la nyota la Nge linapanda na moyo wake mwekundu, Antares, na mkia umejikunja, mtoto atamtambua bila kuonyeshwa. Nyuma ya mkia wake ndo kitovu cha Njia Nyeupe, ule mkanda mweupe wa nyota angani, kinafika juu kabisa ya njia yake kama saa saba usiku. Kama atakuwa macho mwache aone.

Fundi Redio
Mwalimu hiyo habari ya Salibu na Dubu kwa pamoja naenda kuijaribu Irente mwenyewe. Dada, lenzi ikipata umande usiipanguse na kanga, utaikwaruza, ifunike tu ndani ya koti dakika chache itakauka. Na ukungu ukiwafunga jioni msikate tamaa mkalala moja kwa moja, mara nyingi unakuja na kuondoka, mmoja wenu achungulie nje kila baada ya muda.

kijana wa Mtae
na hata usiku wote ukifungwa bado gari ya alfajiri ipo, mtakuwa mnaisubiri nje saa kumi na moja bado giza. mwishoni mwa mwezi wa sita saa hizo Kilimia, lile fungu dogo la nyota, kinakuwa kimeshachomoza kaskazini mashariki, mtoto akihesabu atapata sita, mwenye macho makali saba, na kwa darubini zinajaa tele. Babu zetu huku walikuwa wanakifuatilia kwa ajili ya kilimo. Ukifika Mtae niandikie inbox nikuelekeze kwa balozi wetu.