Lubumbashi, mwezi wa nane: watoto wa miaka 2, 4 na 7 tuwapeleke wapi siku ya posho (Jumamosi)?

Mama_Tatu
Jambo wazazi. Shule zimefungwa mpaka mwezi wa tisa na watoto wanazungukia lupango (uwanja wa nyumba) tangu asubuhi. Natafuta matembezi ya siku moja ya posho. Hatuna gari, tunapanda taksibisi. Mdogo lazima alale saa saba, asipolala jioni ni vita. Tunasita kati ya zoo, ziwa la Kipopo, museum, na kwenda uwanjani kurusha tiara. Kipi kinafaa kwa umri gani, tubebe nini, na tiara inatengenezwaje ili iruke kweli? Zile za kununua zinakatika siku ileile.

Yaya_Kamalondo
Mama, chagua kimoja tu. Zoo na museum siku moja, huyo wa miaka 2 utambeba mgongoni nusu ya siku na wa miaka 4 ataanza kulia saa sita.

Mkienda zoo, ingieni mapema. Asubuhi wanyama wako macho na kuna baridi kidogo, mchana wengi wamelala kivulini na mtoto haoni kitu isipokuwa mgongo. Anzeni na sokwe wa J.A.C.K. walio humo humo ndani. Ni makao ya sokwe walionyang'anywa wawindaji na wachuuzi, yalianzishwa mwaka 2006. Hapo kuna sheria ambazo wazazi wanazidharau. Mtoto mwenye mafua abaki mbali, maana ugonjwa wetu wa kifua unamwambukiza sokwe na unaweza kumuua. Msile mbele yao: sokwe akiona ndizi mkononi mwa mtoto anachachamaa, na sokwe aliyekasirika anajua kurusha mawe na kinyesi, tena analenga vizuri.

Mdogo abebwe kwa kikwembe. Kipusipusi (kigari cha kusukuma mtoto) chenye magurudumu madogo kinakwama kwenye changarawe. Bei na saa za kufungua ulizeni siku moja kabla, zinabadilika.

Fundi_Matete
Naingia kwa upande wa tiara, maana mwezi wa nane ndio wakati wake hapa kwetu. Upepo wa kiangazi unatoka kusini mashariki na unavuma bila kukatika kuanzia saa nne hivi. Alfajiri hewa imesimama, msijisumbue.

Vijiti viwili vya mwanzi au tete kavu, unene wa kalamu ya risasi au chini yake. Uti, yaani kijiti cha wima, ni sentimita 60; mkono, kile cha kukingama, ni sentimita 50. Tete bichi ni nzito, na ikikauka inajipinda upande mmoja. Kabla ya kufunga, lazeni mkono juu ya kidole pale katikati, sentimita 25 kila upande. Ukiinama upande mmoja, kwangueni kidogo kwa kisu upande ule mzito mpaka usawazike. Wengi wanaruka hatua hii, halafu wanashangaa kwa nini tiara inazunguka kama imelewa.

Pimeni sentimita 15 kutoka ncha ya juu ya uti, wekeni mkono hapo uwe msalaba, fungeni kwa uzi uliozungushwa mara nane hivi kwa mshazari, pande zote mbili. Msipige msumari, mwanzi unapasuka. Chongeni mfereji mdogo kwenye kila ncha, pitisheni uzi kuzunguka ncha zote nne, uvutike lakini usipinde vijiti. Sasa lazeni umbo hilo juu ya plastiki nyembamba, ile ya mifuko myepesi inayonong'ona ukiishika. Kateni mkiacha sentimita 2 za ziada, kunjeni juu ya uzi, bandikeni skochi (utepe wa gundi). Gundi ya unga wa muhogo inafaa kwa karatasi, kwenye plastiki haishiki. Na karatasi ya daftari inachanika pale pale penye mkunjo.

Halafu pindeni mkono kwa nyuma kama upinde: funga uzi ncha hadi ncha upande wa vijiti, uvute mpaka kati ya uzi na msalaba pawe na sentimita 5. Huo mpindo ndio unaoshika mizani, bila huo tiara inapinduka kila upepo ukibadilika.

Hatamu ni kipande cha uzi cha sentimita 80. Kinafungwa ncha ya juu na ncha ya chini ya uti, kwa mbele, upande wa tumbo lililobinuka. Vifundo vikishaingia, kinabaki kama sentimita 72. Kifundo cha kuungia kamba ndefu kiwe sentimita 23 kutoka ncha ya juu. Ukivuta hapo, kinasimama mbele ya msalaba wenyewe. Msikikaze moja kwa moja, mtahitaji kukisogeza.

Mkia: mita 3 za vipande vya plastiki vyenye upana wa vidole viwili, vimeungwa.

Kamba: mita 30 za uzi wa pamba au nailoni, izungushwe kwenye kopo tupu la maziwa. Msitumie waya wa shaba uliotolewa kwenye mota iliyoungua. Najua watoto wa mitaa yetu wanaupenda kwa sababu ni mwembamba na unapatikana bure. Waya huo ukigusa nyaya za umeme, mkondo unateremka hadi mkononi. Hata kwa uzi wa pamba, kaeni mbali na nguzo. Tiara ikinasa kwenye nyaya, iachwe huko huko, kesho mnatengeneza nyingine.

Kuirusha: msikimbie. Mtu mzima ashike kamba, upepo umpige mgongoni. Wa miaka 7 atembee na tiara hatua 20 mbele yake, aiinue juu ya kichwa, aiachie upepo ukikaza. Ikishatulia juu ndipo mpeni wa miaka 4 kopo, mkono wako ukiwa juu ya wake. Wa miaka 2 mfungieni utepe wa plastiki kwenye kijiti, naye anarusha yake.

kijana_wa_Kenya
Mie naona musipoteze franka. Mupeleke batoto kule karibu na terril, wapande kidogo, ni mulima ya bure na inaonekana muji yote 😄

Muuguzi_Katuba
Kijana, hapana, hiyo si ya watoto. Terril ni mabaki ya kiwanda cha kuyeyusha shaba kilichoanza mwaka 1911. Ndani bado kuna madini ya kobalti, ndiyo maana baadaye walirudi kuuchimbua na kuuchakata upya. Mtoto wa miaka 2 anaweka vidole mdomoni kila dakika. Vumbi linalomwingilia mtu mzima kidogo, kwake ni jingi, kwa uzito wake mdogo na kwa sababu anacheza chini. Wachunguzi, wakiwemo wa Université de Lubumbashi, walichapisha mwaka 2009 kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi mkojoni, na watoto walizidi wakubwa. Terril itazameni kutoka mbali, picha inapendeza pia.

Kuhusu Kipopo: mahali ni pazuri kwa kukaa kwenye majani na kula, lakini watoto wasitie miguu majini. Maji yaliyotulia yenye majani ukingoni ndiyo wanapokaa konokono wa bilharzia, na vidudu vyake vinapenya ngozi nzima, haihitaji kidonda. Kutazama maji kuwa safi hakusaidii, havionekani. Dalili ya kukojoa damu inakuja baada ya wiki au miezi, na mzazi ameshasahau siku ile. Kama mnataka mchezo wa maji, bebeni beseni na bidoni ya lita 10 kutoka nyumbani. Maji ya ziwa yakichotwa bila konokono na kukaa siku mbili, vile vidudu vinakuwa vimekufa, lakini kwa kunywa bado lazima yachemshwe.

Chakula: bukari (ugali) haifai safarini, inakauka. Mayai ya kuchemsha yabaki na maganda yake, ndizi, viazi vitamu, mkate. Karanga nzima wanyimeni wa miaka 2 na wa miaka 4. Zinaingia kwenye njia ya hewa, hasa mtoto akila huku anakimbia. Zikisagwa na kupakwa kwenye mkate hakuna shida. Maji ya kunywa lita 3 kwa ninyi wote, na sabuni kipande.

Maman_Alice_K
Na nguo! Asubuhi ya kiangazi kuna baridi ya kweli, kufika saa sita jua inaunguza. Muvalishe mbili-mbili, ya juu itoke. Kofia musisahau, batoto banaungua masikio.

Mwalimu_wa_Wadogo
Museum mnaidharau bure. Wa miaka 7 ndiye atakayefaidi, wa miaka 4 atavumilia nusu saa ukimpa kazi moja tu: atafute misalaba ya shaba, ile croisette, ahesabu ni mingapi. Zilikuwa fedha kabla ya franka, watu walioa kwa hizo. Msisome kila kibao. Mkishaipata misalaba, tokeni.

Kazi nzuri inakuja nyumbani. Chukueni udongo wa kichuguu, kilichokufa au kilichokwisha kuvunjwa na wafyatua matofali. Kichuguu chenye uhai kina mchwa askari, na wanauma. Udongo huo una mfinyanzi mwingi, na wafua shaba wa zamani waliutumia kujengea tanuri. Pondeni, chekecheni, vikombe 3 vya udongo kwa maji robo tatu ya kikombe, mkiongeza kidogo kidogo hadi usinate vidoleni. Watoto wafanye msalaba mnene sentimita moja na nusu. Ukauke kivulini siku tatu, mkiugeuza kila asubuhi. Mkiuanika juani, ngozi ya juu inasinyaa wakati ndani bado kuna maji, na unapasuka katikati, pale pale mikono inapokutana. Ukikauka, usugueni na unga wa tofali, unapata rangi ya shaba.

Mama_Tatu
Asanteni sana. Tumeamua tiara, museum itangoja wiki ijayo. Fundi, tumejaribu ya kwanza leo: inapanda kidogo, halafu inainamia kushoto na kuchomeka chini. Kila mara kushoto.

Fundi_Matete
Kila mara upande mmoja, basi si upepo. Mambo mawili. Ishike kwa hatamu, iachie ininginie: bawa likishuka kushoto, upande huo ni mzito, bandika skochi kidogo ncha ya kulia mpaka ilale sawa. Ikiwa imelala sawa na bado inaenda kushoto, angalia plastiki. Upande mmoja umelegea na unashika upepo zaidi. Bandua skochi ya upande huo, vuta, bandika tena.

Ikikataa kupanda kabisa na inavuta kwa nguvu huku imesimama wima, sogeza kifundo cha hatamu kuelekea ncha ya juu, sentimita moja tu kila jaribio. Ikipepesuka na kamba kulegea, kirudishe chini. Ikizunguka kama feni, ongeza mita moja ya mkia.

Mama_Tatu
Ni plastiki. Upande wa kushoto ulikuwa na tumbo.