Toki konveta ya Ram 2500 ya dizeli: nichukue stoli ngapi?

MvutaTrela: Wakuu, naomba ushauri. Nina Dodge Ram 2500 ya 2001, injini ya Cummins lita 5.9, giaboksi otomatiki 47RE. Nimeweka nozeli kubwa na turbo kubwa. Sasa nikipanda mlima na trela, gia ya nne, toki konveta (chombo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa oili) imeshafunga, yaani klachi yake ya ndani imeshaamriwa kushika, nikikanyaga mafuta mshale wa rpm unaruka lakini mwendo hauongezeki. Kuna mtu ananiuzia konveta ya stoli 2,800 (stoli ni rpm injini inapoishia ukikanyaga mafuta gari likiwa limezuiwa kwa breki), anasema ni ya mashindano. Niichukue?

Nozeli24: Usichukue. Hiyo ni ya petroli inayozunguka sana. Injini yako inaishia 3,000 na kidogo tu.

OiliNyekundu: Mkuu, tuanze na ugonjwa wenyewe. Hapo ni klachi ya ndani ya konveta inateleza, stoli haihusiki kabisa. Ya kiwandani ina sahani moja, na umeizidishia mzigo. Tafuta yenye sahani tatu. Presha ya oili inabaki ile ile, ila nyuso zinazosuguana zimeongezeka, ndiyo maana inashika. Halafu mfuniko wa mbele uwe wa chuma kizima kilichochongwa. Ule wa bati presha ikipanda unavimba, na klachi haikai sawa tena.

Kuhusu stoli, namba hiyo haitoki kwenye konveta peke yake. Konveta ile ile ukiifunga kwenye injini yenye torki kubwa, stoli inapanda. Kwa hiyo anayekuuliza "unataka ngapi?" tu bila kuuliza uzito wa gari na trela, saizi ya turbo, tairi na uwiano wa difu, mkimbie. Kwa kazi yako mimi ningekaa chini kidogo ya 2,000, mradi turbo iamke. Ukienda juu zaidi, kila unapotembea taratibu konveta haijafunga, nguvu inageuka joto na oili inaungua. Nimefungua giaboksi nyingi za namna hiyo: oili nyeusi, inanuka moto, na klachi zote zimekwisha. Inaniuma, kwa sababu boksi lenyewe halikuwa na kosa.

MvutaTrela: Asante sana mkuu. Nikiweka sahani tatu, kuna kingine kitakachokatika?

OiliNyekundu: Shafti ya kuingiza nguvu kwenye giaboksi. Klachi ilipokuwa inateleza ilikuwa inaikinga. Ikishika kweli, pigo lote linaishia pale. Weka shafti imara siku hiyo hiyo, boksi likiwa chini. Safisha pia kula (kipoza oili) pamoja na mabomba yake, vyuma vya klachi ya zamani vimejificha humo.

Na fundi asivute boksi likutane na injini kwa kukaza bolti! Konveta izungushwe huku inasukumwa mpaka iingie yote kwenye pampu ya oili ya boksi. Boksi likikutana na injini, konveta bado izunguke kwa mkono na ibaki na nafasi kidogo kabla ya flaiwili. Ikikaza hapo, rudisheni nyuma, maana mkilazimisha pampu inapasuka siku ya kwanza.