Nina shahada ya uhasibu, nimeitwa kazi ya stoo hotelini: niende au nisubiri serikali?

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mie kijana wa Wete, nimemaliza shahada ya uhasibu mwaka jana. Maombi ya serikalini nimeshatuma kwenye mfumo wa ZanAjira, nasubiri. Sasa hoteli moja ya Nungwi imeniita nikashike stoo: kupokea bidhaa, kuandika zinazokwenda jikoni na baa, kuhesabu mali kila mwisho wa mwezi. Mshahara mdogo, ila chakula na pa kulala vipo, na kwa mtu anayetoka Pemba kodi ya nyumba Unguja si mchezo.

Bi mkubwa hataki kusikia (nilipotaja baa ndipo mambo yalipoharibika). Hofu yangu mimi ni nyengine: mkataba ni wa msimu, na masika ya Aprili na Mei wageni hupungua, wafanyakazi wengine hurudishwa majumbani.

Mliopitia huko naombeni mnijuze: stoo inahesabika kama uzoefu wa uhasibu mtu akienda kwenye usaili? Na nidai kitu gani kiandikwe kwenye mkataba kabla sijatia saini? Jibu wanalitaka kabla ya Ijumaa.