Watafiti wanaopima perege mwaloni Mtera wanatafuta nini hasa?

Mtoto wa Mchuuzi

Mbukwenyi wakuu, habari za jumapili. Mimi nanunua samaki Mtera napeleka Dodoma mjini, Majengo pale, kazi nimeirithi kwa mama na huu ni mwaka wa tisa niko peke yangu. Sasa wiki iliyopita mwaloni wamekuja vijana wawili na dada mmoja, wana rula ndefu ya mbao, mizani ndogo na vichupa, wakaomba wapime samaki kabla sijapakia. Sikukataa. Wanamlaza perege kwenye rula, wanaandika, wanampima uzito, wanapasua tumbo wanaangalia mayai, halafu wengine wakawapasua kichwa wakatoa kitu kidogo cheupe kama punje ya mchele wakatia kwenye kichupa. Kila mtumbwi ukifika wanauliza umeweka nyavu ngapi, macho yake inchi ngapi, umetega saa ngapi umetegua saa ngapi.

Walivyoondoka ndo maneno yakaanza. Wengine wanasema hao wametumwa waje wafunge bwawa, wengine wanakiri kabisa waliwadanganya inchi za nyavu. Mimi nina shida moja, samaki kweli wamepungua mwili, enzi za mama perege wawili wanajaza kikaango, sa hivi ili fungu lionekane fungu unapanga sita saba na mteja bado ananuna. Naomba mwenye kujua anieleze wanatafuta nini, na je tuwaambie ukweli au tunajichimbia kaburi?

Kambale Mweusi

Mkuu mimi niliwahi kufanya kazi hiyo ya kupima samaki, sio hapo Mtera, nikiwa nimemaliza chuo, kwa hiyo nakueleza nilichokishika kwa mikono.

Urefu ndo kitu cha kwanza kwa sababu ni rahisi na haudanganyi. Ukipima samaki mia tano wa mwalo mmoja ukawapanga kwa urefu unaona bwawa lina wazee wangapi na watoto wangapi. Tumbo wanapasua kujua jike ameshapevuka au bado, wanatafuta ile saizi ambayo nusu ya majike wameshaanza kuzaa, na hapo ndipo panatoka hesabu ya inchi za nyavu, kwamba wavu umwachie jike azae walau mara moja kabla hajaingia kwenye tenga lako. Sheria ya uvuvi tuliyonayo ni ya 2003 na kanuni zikaja 2009, lakini namba zinazoingia kwenye kanuni lazima zitoke mahali, na zinatoka kwenye hiyo rula ya mbao.

Perege ana jambo lake pia. Jike anabeba mayai mdomoni, na watoto wakishaanguliwa wakiona hatari wanarudi humo humo, kwa hiyo hazai maelfu kwa maelfu kama samaki wanaomwaga mayai na kuondoka, anazaa wachache na kuwalea. Jike mkubwa anabeba mayai mengi kuliko mdogo. Ukiwamaliza wakubwa unabaki na vidogo vinavyozaa mapema vikiwa vidogo, na mayai machache. Hivyo visaba saba vya kwenye fungu lako huenda vingine vimeshakuwa mama tayari, sio watoto, na hilo huwezi kulijua kwa macho ndo maana wanapasua.

Kile cheupe cha kichwani ni kijiwe cha sikio. Samaki anakuwa nacho toka mdogo na kinaongezeka tabaka juu ya tabaka, ukikikata na kukisugua mpaka kiwe chembamba ukakiweka kwenye hadubini unaona miduara kama ya mti. Kwa samaki mchanga mpaka siku zinahesabika. Kwa wakubwa wa kwetu huku joto ni kazi ngumu kidogo maana hatuna baridi kali ya kuacha alama, unategemea kiangazi na masika, lakini inafanyika, na ukishajua umri na urefu unajua anakua haraka au amedumaa.

Kuhusu kudanganya inchi, mkuu waambie wenzako wasifanye hivyo. Maswali ya nyavu na masaa ni kwa ajili ya kujua mtumbwi mmoja kwa usiku mmoja unatoa kilo ngapi, hiyo ndo inaonyesha kama samaki wapo au hawapo. Mtu akisema alitumia nyavu tano kumbe kumi, hesabu itatoka samaki ni wengi, na mwakani atakayelia ni yeye.

Mzee wa Ng'ambo

Mtoto wa Mchuuzi shikamoo nimeipokea kabla hujaitoa, maana mama yako bila shaka tumeuziana. Mimi nimevua hapo toka nikiwa kijana, nikikumbuka bwawa bado jipya na miti iliyozama bado imesimama majini.

Aliyetangulia kasema vizuri lakini nyie watu wa vitabu mnaanza na nyavu kila siku, anzeni na maji. Bwawa lile lilijengwa kwa ajili ya umeme, linahifadhi maji ya mitambo ya hapo na ya Kidatu huko chini, samaki alikuja kama baraka ya juu yake. Maji yakishuka yanashuka yote, ukingo unasogea mpaka unatembea na mtumbwi begani. Na perege dume anachimba kiota kwenye maji mafupi, pale pale pembeni. Maji yakikimbia kiota kinabaki juu kwenye tope linapasuka. Ruaha Mkuu, mto unaoleta maji bwawani, toka 1993 umekuwa unakauka kiangazi kule juu hifadhini, mto ambao wazee wetu hawakuwahi kuuona umekatika. Kwa hiyo samaki akipungua tusiulizwe sisi peke yetu.

Sisemi wavuvi tuko safi. Kokoro ni dhambi, linaburuta chini linazoa kiota, mayai na mama mwenye watoto mdomoni, yote kwa mpigo, na nimeshaona vijana wanamwaga vifaranga vya perege mchangani kama pumba. Hilo linaniuma mpaka leo.

Ila nina neno kwa watafiti. Wameshakuja watu mara nyingi, tumewapa samaki wetu wakapasua, tumewapa majibu usiku na mvua, wakaondoka, na sijawahi kuona hata mmoja amerudi akasimama mwaloni akasema jamani tulichokipata ni hiki. Hapo ndipo uongo wa inchi unapozaliwa, kwa sababu mtu anayechukua maneno yako bila kurudisha lazima umwogope.

Mtu wa Ujiji

Niko Dodoma kikazi ila nimezaliwa Kigoma, naongezea kidogo kuhusu hofu ya kufunga. Kwetu Tanganyika ilifungwa kweli, 2024 kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, na sio Tanzania pekee, ni makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa. Miezi mitatu sio mchezo, ndugu zangu wanaishi kwa dagaa na migebuka. Kwa hiyo hofu ya watu wa Mtera naielewa na sitaki mtu aibeze.

Lakini utafiti haufanyi kazi ya kumshitaki mvuvi tu. Tanganyika wanasayansi walionyesha mwaka 2003 kwamba ziwa limepata joto, maji ya juu hayachanganyiki tena vizuri na ya chini yenye rutuba, chakula cha dagaa kikapungua. Baadaye wengine wakachimba tope la chini ya ziwa, wakahesabu mabaki ya samaki tabaka kwa tabaka, wakakuta upungufu ulianza kabla uvuvi mkubwa wa biashara haujapamba moto. Bila hayo matope kila mtu angesema mvuvi ndo mchawi na kesi ikaisha hapo. Mzee wa Ng'ambo hilo la maji unalolisema ni la kweli kabisa, ila mwenye kulithibitisha mbele ya wakubwa ni mwenye vipimo vya miaka mingi, akiweka kina cha bwawa na saizi ya samaki pamoja kwenye karatasi moja.

Mtoto wa Mchuuzi

Shikamoo mzee na asanteni wote, nimesoma mara mbili. Mmesema vipimo vya miaka mingi, nimekumbuka kitu. Mama alikuwa anaandika kila safari kwenye daftari, tarehe, tenga ngapi, na kila tenga lina samaki wangapi kwa sababu alikuwa anauza kwa kuhesabu. Madaftari yapo kwenye sanduku lake, nimefungua usiku huu. Tenga ni lile lile la mianzi, tunasuka kwa fundi yule yule, na idadi kwenye daftari la kwanza na ninayoihesabu mimi leo imekaribia mara mbili. Hii inafaa kitu au ni makaratasi tu?

Kambale Mweusi

Mkuu usiyaguse kwa mikono yenye mafuta! Hicho ni kitu ambacho mtafiti hawezi kukinunua kwa pesa yoyote, hakuna anayeweza kurudi miaka ile akapime. Tenga likiwa saizi moja idadi inakupa ukubwa wa wastani wa samaki mwaka hadi mwaka. Ukikaa nao waambie pia nyavu zilibadilika lini, maana inchi zikipungua samaki wa tenga wanakuwa wadogo hata kama wakubwa bado wamo majini, ni lazima wavitenganishe hivyo viwili.

Na usiwape hivi hivi. Waambie sharti ni la yule mzee, warudi na majibu wayasome mwaloni kwa Kiswahili, BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo, wawepo na akina mama wachuuzi wawepo.

Mzee wa Ng'ambo

Siku hiyo nitakuja hata kwa kubebwa.

Mtoto wa Mchuuzi

Wamesema watarudi mwisho wa mwezi, nitawaambia mbele ya watu wote. Swali la mwisho, madaftari mawili yalilowa na mafuta na maji ya samaki, kurasa zimeshikana, niyaanike juani?

Kambale Mweusi

Kivulini mkuu, penye upepo. Juani wino utapauka. Usizibandue kwa nguvu, na zile ambazo hazijashikana zipige picha zote leo hii hii.