Kompyuta ya gemu kwa KSh 120,000 hapa Malindi, nichukue ipi kati ya hizi tatu?

barani_gema
Salamu wadau. Nimeweka weka mwaka mzima na sasa niko na 120,000, nataka kompyuta ya gemu ya kukaa nyumbani, leptopu sitaki tena. Mimi nacheza FC ya mpira na GTA V, mdogo wangu yeye ni Valorant tu asubuhi jioni. Skrini ninayo, 1080p ya 75Hz. Nimeulizia mpaka nimechoka nikabakiwa na njia tatu. Moja ni Dell OptiPlex ya eks-UK, yaani mtumba wa ofisi kutoka Uingereza, prosesa i5-7500, halafu nitie kadi ndogo ya grafiki, hii nabakisha pesa nyingi tu. Ya pili prosesa Ryzen 5 5600 na kadi ya RX 6600. Ya tatu prosesa Ryzen 5 7600 na kadi ya RTX 4060, lakini hapa pesa inakatika na pawasaplai, ile ya kugawa stima ndani ya mashini, nitachukua ya bei ya chini kabisa. Nyumba iko karibu na bahari, madirisha wazi kutwa, na stima zetu mwazijua. Nisaidieni kabla sijatuma pesa Mombasa.

fundi_maweni
Hiyo ya kwanza achana nayo ndugu yangu, na sikuambii hivyo kwa sababu ni mtumba, mashini za eks-UK ni nzuri sana kwa kazi za ofisi na nimewauzia watu wengi wakashukuru. Tatizo ni gemu. Ile OptiPlex nyembamba haiingii kadi ya kawaida, itabidi utafute zile fupi kama GTX 1650 ya kimo kidogo isiyotaka waya wa stima, inayokula wati 75 kutoka kwenye soketi yake basi. Pawasaplai yake ni ya umbo lake yenyewe, na madabodi yake haichukui plagi ya pini 24 ya kawaida, kwa hiyo siku ukitaka kupandisha huwezi kwenda dukani ukachukua yoyote ukafunga. Halafu i5-7500 haimo kwenye orodha ya prosesa za Windows 11, na Windows 10 ilikatiwa huduma Oktoba 2025. Na Valorant kwenye Windows 11 inataka TPM 2.0, ile chipu ya usalama, iwe imewashwa, isipowashwa huyo mdogo wako atakulilia wewe.

kilifi_kwetu
Mimi nasema jikaze uchukue ya tatu. AM4, soketi ya hiyo prosesa 5600, ni ya tangu 2016, imefika mwisho wake, lakini AM5 ya 7600 wenyewe AMD wamesema wataitunza mpaka 2027 au zaidi, maana yake baadaye unabadilisha prosesa peke yake madabodi inabaki. Na RTX 4060 inakula wati 115 wakati RX 6600 ni 132, kwa hiyo hata kwenye tokeni unapona kidogo. DLSS, mbinu ya kadi za RTX ya kuongeza fremu kwa kukuza picha, pia ni nzuri kuliko FSR ya AMD, picha haichafuki.

fundi_maweni
@kilifi_kwetu yote uliyosema ni kweli kaka, lakini angalia skrini yake. Ni 75Hz. Haionyeshi zaidi ya fremu 75 kwa sekunde, na RX 6600 kwa 1080p inapita hapo kwenye FC na GTA V bila jasho, Valorant ndiyo usiseme. Sasa atoe pesa yote kwa fremu ambazo macho yake hayatazipata? Na AM5 inataka RAM ya DDR5 tu, AM4 inatumia DDR4, na RAM tangu mwisho wa 2025 imepanda bei dunia nzima kwa sababu viwanda vinapeleka chipu kwenye mitambo ya akili mnemba. DDR4 nayo imepanda, lakini DDR4 ya mtumba bado inapatikana, na RAM ya mtumba haina shida sana ukiijaribu kwanza.

amu_langoni
Assalam aleikum. Mimi niko Amu na nimejenga mashini mbili hapa, ya kwanza ilikufa, ndio maana nataka unisikilize vizuri. Nilifanya hivyo hivyo unavyotaka kufanya kwenye njia ya tatu, pesa yote kwenye prosesa na kadi, pawasaplai nikanunua ambayo hata jina haina, imeandikwa wati 600 ubavuni na ilikuwa nyepesi mkononi kama kopo tupu. Stima ikakatika mara tatu usiku mmoja, ile ya tatu iliporudi ilirudi na nguvu nikasikia kitu kimepasuka, madabodi ikaenda na pawasaplai pamoja. Kuleta nyingine ni Mombasa mpaka Mokowe halafu mashua, wiki nzima sina kitu. Ya pili nilianza na pawasaplai ya wati 550 ya kampuni inayojulikana, 80 Plus Bronze, yaani cheti cha kutopoteza stima, na UPS, betri ya kushikilia stima ikikatika, yenye AVR ya kusawazisha volteji, ndipo nikaangalia kilichobaki kinatosha prosesa gani. Mwaka wa tatu huu iko hai alhamdulillahi.

Na chumvi. Hili watu wa bara hawalijui. Upepo wa bahari unaleta unyevu wenye chumvi, unakaa kwenye meno ya RAM na ya kadi, ukichomoa baada ya miezi unakuta doa la kijani. Mashini iliyozimwa mwezi mzima wakati wa kusi inaharibika kuliko inayowashwa kila siku, kwa sababu ikifanya kazi ina joto na unyevu haupati kutulia. Kwa hiyo iwashe walau kila siku mbili, isikae usawa wa dirisha, chukua kesi yenye wavu mbele na kichujio cha vumbi, feni mbili za kuingiza na moja ya kutoa, hapo hewa inapita kwenye kichujio badala ya kufyonzwa kwenye nyufa. Meno yakichafuka yapanguse na spiriti ya isopropili, stima ikiwa imechomolewa.

watamu_dada
Naunga mkono ya pili, ila nina swali kwa fundi. RTX 3060 ya mtumba yenye 12GB si bora kuliko RX 6600 ya 8GB? Gemu mpya zinakula kumbukumbu ya kadi vibaya sana.

fundi_maweni
Swali zuri dada. 12GB ni faida ya kweli, mimi mwenyewe ningeipenda. Lakini 3060 inakula wati 170, na nyingi za mtumba zilitoka kwenye uchimbaji wa sarafu, Ethereum ilipoacha kuchimbwa Septemba 2022 kadi nyingi zilimwagwa sokoni. Kadi ya kuchimba si lazima iwe mbovu, feni ndizo huchoka mapema. Ukikubaliwa kuijaribu nusu saa ikiwa na gemu, usikie feni na uangalie joto, sawa. Ukiambiwa tuma pesa kwanza, chukua RX 6600.

barani_gema
Nimeelewa, asanteni sana. Naenda na ya pili. UPS je? Nimeona za 650VA.

fundi_maweni
VA, ile namba ya ukubwa wa UPS, si wati. 650VA nyingi zinatoa kama wati 360. Mashini hiyo ikiwa kwenye gemu itavuta karibu 250 na skrini juu yake, inabeba lakini dakika chache tu. Chukua 1000VA ukiweza. RAM nunua vijiti viwili vya 8GB usichukue kimoja cha 16, Ryzen inapenda viwili, na ukiwasha mara ya kwanza ingia BIOS, ile menyu ya madabodi, uwashe XMP, mpangilio wa kasi kamili ya RAM, la sivyo RAM itaenda polepole. Waya wa skrini chomeka kwenye kadi usichomeke kwenye madabodi, 5600 haina grafiki yake, utaona giza ukadhani umeuziwa mbovu.

barani_gema
Pawasaplai nimepata 550 ya mtu, Bronze, safi, ila waya zake mbili za kuchomoa zimepotea, anasema nitumie za pawasaplai yangu ya zamani zinaingia.

amu_langoni
Usithubutu! Zinaingia ndiyo, lakini upande wa kwenye pawasaplai kila kampuni inapanga pini zake, utaunguza SSD na madabodi mara moja. Kama hana waya zake mwenyewe, muache, tafuta nyingine.